Mgongo Ambao Neema Alikataa Kuuchua

Kama unasoma haya kwa sababu mgongo wako unauma, jilaze kwanza, weka mto pale unapopata nafuu, kisha endelea. Nitasema taratibu. Mimi si daktari. Nimesoma mpaka darasa la saba, nalima karoti na hoho huku Magamba, juu ya Lushoto, na mume wangu Bakari ni fundi seremala. Ninachokijua ni mwili wangu tu na yale yaliyoupata. Naandika kwa sababu nilipokuwa kitandani nilitafuta mtu aliyepita njia hii aniambie mbele kuna nini, na sikumpata.

Jina langu ni Hadija, lakini kijijini naitwa Mama Shuaibu kwa mwanangu wa kwanza. Baada ya Shuaibu nina binti, Mwanahamisi, na yule mdogo, Rama, ambaye ugonjwa ulipoanza alikuwa bado ananyonya.

Ulianza msimu wa baridi, wakati ule ukungu unalala mabondeni mpaka watu wanachoka kungoja jua. Nilikuwa nashusha karoti kutoka shamba la juu nikahisi kitu kimenishika katikati ya mgongo. Nikasema ni mzigo. Huku kwetu wanawake tunapanda na kushuka na mizigo tangu tukiwa watoto, kwa hiyo mwanamke akisema mgongo unauma hakuna anayegeuka kumtazama. Hata mimi sikujitazama. Nilikwenda zahanati nikapewa vidonge vya maumivu. Vilinituliza, vikaisha, maumivu yakarudi.

Nikaenda kwa bibi mmoja wa kijiji cha jirani anayesifika kwa kuchua. Simlaumu, na nisingependa wewe umlaumu. Mikono yake imewanyanyua wengi walioteguka na kushtuka misuli. Alinichua kwa mafuta ya moto wiki baada ya wiki, na kila nilipotoka kwake niliona nafuu mpaka jioni. Nafuu hiyo ndiyo iliyonichelewesha.

Mambo mengine yalikuwa yanaingia polepole na mimi sikuyaunganisha. Gauni langu la Idi lilinipwaya. Jioni mwili ulipata joto kidogo, asubuhi likawa limekwisha. Usiku nilikuwa nalowa jasho mpaka shuka, tena katika baridi ya Magamba ambako mtu analala chini ya blanketi mbili. Chakula kilinikinai. Bakari alinitazama siku moja nikiwa nafua, akasema, "Mama Shuaibu, umekonda au ni macho yangu?" Nikamjibu kwamba ni kunyonyesha na kazi za shamba. Kila jambo nilikuwa nalipatia sababu yake.

Hata maumivu yenyewe yalibadilika nisione. Mwanzoni nilikuwa nikilala yanatulia. Baadaye nikawa nikilala ndiyo yanaamka.

Vuli ilipoanza, dada yangu anayeishi Soni alinipigia simu akaniambia kuna hospitali huku mlimani ina mtu wa mazoezi ya viungo, fizio, na kwamba jirani yake aliyeanguka kutoka kwenye mti wa peasi alipona kwake. Nikapanda bodaboda. Dereva alikuwa kijana mstaarabu, kila palipokuwa na shimo alisimama kabisa kisha akavuka kama anapitisha trei ya mayai, na bado nilifika nimeuma mtandio wangu kwa uchungu.

Nilikaa kwenye benchi nje ya chumba cha mazoezi. Pembeni yangu alikuwa mzee aliyepooza upande mmoja, mkewe anammenyea ndizi na kumpa vipande vidogo vidogo, akimfuta mdomo kila baada ya kipande. Nilimwonea huruma. Mimi nilijihesabu miongoni mwa wazima waliokuja kunyooshwa kidogo na kurudi kulima.

Huyo fizio, Neema, alikuwa binti mdogo kuliko nilivyotarajia, Mnyakyusa kutoka Tukuyu, mwenye mikono mipana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Nilidhani ataniambia nivue nilale achue. Badala yake aliketi akaanza kuuliza, na maswali yake hayakuwa ya mgongo.

"Mama, ukilala maumivu yanapungua?"

"Zamani. Siku hizi kulala ndiyo adhabu."

"Usiku unatoka jasho?"

Nikacheka. "Nani amekuambia?"

Yeye hakucheka. "Umepungua mwili?"

Nikamwonyesha sketi, jinsi nilivyoikunja kiunoni na kuibana kwa pini.

"Nyumbani kuna aliyewahi kuugua TB, au kukohoa muda mrefu?"

"Marehemu baba mkwe alikohoa sana. Lakini mimi sikohoi."

"Na miguu?"

Nikamwambia mguu wa kushoto ni kama umevaa soksi wakati haujavaa. Kandambili inaweza kunitoka njiani nisijue mpaka nione vumbi kwenye unyayo. Hapo aliacha kuandika. Akasogeza kiti karibu, akashusha sauti, akaniuliza kama haja ndogo inatoka vizuri. Niliona aibu, lakini nikasema kweli: siku hizi nasubiri kwanza ndipo itoke.

Akaniomba nilale kifudifudi. Alipitisha kidole kimoja juu ya uti wa mgongo, kutoka shingoni kushuka chini. Katikati kikasimama.

"Hapa pamechomoza. Ulikuwa unajua?"

Sikujua. Nani anauona mgongo wake? Akagonga pale kidogo sana kwa ngumi, nikapiga kelele ambayo nadhani yule mzee wa nje aliisikia.

Neema akaondoa mikono. Akanifunika khanga yangu, akanisaidia kuinuka, akasema, "Mama Shuaibu, mgongo huu mimi siuchui."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hizi dalili zote zikiwa pamoja zinaniambia si misuli. Daktari akuone leo. Si wiki ijayo, leo."

Hasira zilinipanda. Nimetoka Magamba nalia juu ya pikipiki, nimekaa kwenye benchi tangu asubuhi, na huyu mtoto ananiambia hatanigusa! Nilimwambia, "Kama hujui kazi, sema hujui. Bibi wa kijijini kwetu hajawahi kumrudisha mtu. Wewe umesomea nini?"

Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Mama, nimesomea hata hili. Kuna migongo ya kuchua, na kuna migongo ya kupeleka kwa daktari mbio. Nikikuchua leo utaondoka umefurahi. Halafu nitakaa hapa nikijiuliza kama bado unatembea."

Alileta kiti cha magurudumu. Nilipotaka kwenda kwa miguu alikataa, akanisukuma mwenyewe, na kwenye foleni ya daktari hakuniacha. Aliingia ndani kwanza, nikamsikia anaeleza yale niliyomwambia, moja baada ya jingine, bila kuongeza. Nilipoitwa, akaniwekea mkono begani. Basi. Hakuniahidi kwamba ni jambo dogo.

Picha ya eksirei ilitoka siku hiyo hiyo. Daktari, mtu mzima mwenye mvi, aliiweka kwenye mwanga akanionyesha mifupa yangu. Mingine ilikuwa imepangana vizuri kama matofali, lakini miwili ilikuwa imeliwa pembeni na kuinamia mbele.

"Nani ameila?" niliuliza, kama mtoto.

"Ndiyo tunatafuta," alisema. "Lakini kwanza hutapanda pikipiki tena. Utalala hapa, kisha utashuka Tanga wakapime vizuri zaidi."

Niliposhuka mlima kwa gari la wagonjwa, nimelazwa kwenye ubao, sikuona kitu ila dari na vilele vya miti dirishani. Ile barabara ya kutoka Soni kwenda Mombo naijua kona kwa kona, nimeipita mara nyingi na matenga ya hoho. Safari ile nilihesabu kona kwa mgongo. Bakari, aliyekuwa amepigiwa simu akaja, alikaa chini karibu na kichwa changu, ameshika dripu, na kila gari lilipokata kona alisema "pole" kana kwamba ndiye dereva.

Tanga nilipimwa damu, nikaingizwa kwenye mashine kubwa ya picha, nikachomwa sindano ndefu kuchukua usaha pale palipoliwa. Kungoja majibu ndiko kulikuwa kugumu kuliko sindano. Wenzangu walikuwa wanaitwa, wanarudi na sura zao, na mimi nilijifunza kusoma sura kabla mtu hajasema. Majibu yangu yalipotoka daktari alisema ni kifua kikuu, lakini kimekaa kwenye uti wa mgongo.

"Mimi sikohoi," nilirudia.

"Si lazima ukohoe. Kinaweza kukaa kwenye mfupa kimya muda mrefu. Dawa zipo, na kinapona. Ila ni dawa za karibu mwaka mzima, na huruki hata siku moja."

Nilisikia neno "kinapona" nikalishika. Mengine yalipita.

Sasa nikuambie jambo ambalo huenda likakutokea na wewe, ili usikate tamaa: nilizidiwa nikiwa tayari hospitalini, dawa nimeshaanza. Asubuhi moja nilitaka kuvuta miguu ili muuguzi atandike, miguu haikuja. Niliiona iko pale, ni yangu, na haikunisikia. Na haja ndogo nayo ikagoma kabisa, nikawekewa mpira wa mkojo. Nilimwomba Bakari atoke nje, kisha nikajifunika shuka usoni nikalia mpaka mto ukalowa. Daktari alisema usaha unabana mishipa na kwamba dawa zinahitaji muda. Alisema pia kwamba ningeendelea kuchuliwa na kubeba mizigo kwa wiki chache zaidi, huenda tusingezungumza habari ya kutembea tena. Hapo ndipo nilipomkumbuka yule binti niliyemgombeza, nikamwombea dua.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo Consolata, mchuma chai kutoka upande wa Amani, kwao hasa ni Njombe. Alivunjika paja kwa kuteleza kwenye shamba la chai. Mwanamke wa maneno mengi na vicheko. Kila asubuhi alikuwa anasali rozari yake, mimi nasali kwa kuinamisha macho kwa kuwa siwezi kuinuka, kisha tunaanza kazi. Kazi yetu ilikuwa vidole vya miguu yangu.

"Wewe tazama dari," alikuwa ananiambia, "uviambie vicheze. Mimi ndiye nitavitazama. Ukivitazama mwenyewe unaviogopesha."

Basi naviambia. Nakunja uso, natoka jasho, naviamuru. Consolata anasema, "Bado. Kesho." Tulifanya hivyo asubuhi nyingi mno. Dawa zilinifanya nitapike na mkojo kwenye mfuko ukawa na rangi ya soda ya machungwa, nikadhani figo zimeoza, mpaka muuguzi akacheka na kunieleza kwamba ni dawa tu. Hakuna aliyekuwa ameniambia. Wewe nakuambia, usishtuke.

Halafu asubuhi moja, nikiwa nimechoka na sijakaza sana, Consolata akapiga ukelele ulioamsha wodi nzima: "Kimecheza! Gumba! Mama Shuaibu, rudia!" Nikarudia. Sikuhisi kitu, lakini yeye aliona, na muuguzi aliyekuja mbio akaona. Consolata, na ule uzito aliofungwa mguuni kunyoosha paja, alipiga makofi kitandani kwake kama yuko harusini.

Nilirudi nyumbani wakati wa kiangazi, plamu zimeiva zinauzwa kwa ndoo barabarani. Gari haliwezi kufika kwetu, kwa hiyo vijana wa jirani walinibeba kwenye kiti mpaka mlangoni. Nilikuwa nimevaa mshipi mgumu wa plastiki kutoka kwapani mpaka nyonga, na miguu ilikuwa inakunjuka kidogo lakini haibebi. Rama, mwanangu, aliniona akajificha nyuma ya bibi yake. Alikuwa ameachishwa ziwa kwa ghafla na alikuwa amenisahau. Hilo liliniuma kuliko mfupa.

Kisha nikaona kikombe. Mama mkwe wangu alikuwa amenitengea kikombe, sahani na kijiko, vimefunikwa kwa kitambaa chao peke yao, na kila Rama alipotaka kunisogelea alimvuta. Hakusema neno baya hata moja. Alinihudumia, alinigeuza, alinisafisha, lakini pumzi alikuwa anaibana.

Muuguzi wa kliniki ya kifua kikuu alipokuja kututembelea aliviona vile vyombo. Hakumkaripia. Alimwamkia, akaomba chai, akasema, "Mama, TB ya huyu imekaa kwenye mfupa, na kifua chake kimepimwa kiko safi. Hatoi kitu cha kumwambukiza mjukuu wako. Tutawapima ninyi wote, lakini si kwa sababu yake. Ni kwa sababu ya kikohozi cha zamani cha marehemu mzee."

Mama mkwe aliweka birika chini. Halafu akaanza kusema kwa Kishambaa, kama anajisemea mwenyewe, habari za marehemu mumewe: jinsi alivyokohoa, jinsi watu walivyoacha kuja, jinsi alivyomzika karibu peke yake. Nilikuwa mkwe wake miaka yote hiyo na sikuwahi kusikia habari ile. Alikuwa anaogopa kuzika mtu wa nyumba hiyo mara ya pili. Tulipimwa wote, hakukuwa na mwingine mgonjwa. Tangu hapo akawa msimamizi wa dawa zangu, na sijawahi kuona askari mkali kama yeye. Analeta uji, anatoa vidonge mkononi, anasimama. "Fungua mdomo nione." Na mimi mwanamke mzima nafungua.

Bakari ndiye aliyekuwa mgumu kwangu wakati huo. Alikuwa ananibeba, anakwenda karakana, anarudi amechoka, hasemi. Wifi yangu alikuja akamwambia nikiwa nasikia, "Mpeleke kwao Mlola akauguzwe na mama yake mpaka apone. Wewe utajiua na kazi." Nilingoja Bakari aseme hapana. Alivaa kofia yake akatoka.

Jioni nikamwambia, "Kama unanirudisha kwetu, niambie wewe. Nisisikie kwa dada yako."

"Nani amesema narudisha mtu?"

"Hukusema kwamba hurudishi."

Akasema amechoka, na kwamba hajui kesho kutakuwaje. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze kuniambia jambo la moyoni, na ingawa halikuwa jambo la kufurahisha nililala nimetulia kidogo. Siku chache baadaye alipotea tangu asubuhi. Alirudi jioni anavuta miti ya mkaratusi iliyonyooka, imemenywa maganda. Akachimba mashimo uani akaisimamisha, juu akalaza miti mirefu miwili sambamba na kuipiga randa mpaka ikawa laini kama mpini wa jembe la zamani.

"Nilikwenda kule hospitali kupima vile vyuma vya kushikilia vya yule binti wa mazoezi," alisema. "Ameniambia kimo cha kiuno chako. Shika."

Alininyanyua akanisimamisha katikati. Nikashika huku na huku. Miguu ilitetemeka, magoti yakaanza kukunjika, na yeye alikuwa nyuma yangu ameshika ule mshipi. Sikutembea siku hiyo. Nilisimama tu. Lakini kutoka pale nilipokuwa nimesimama niliiona miteremko ya mashamba yetu yote mpaka bondeni, ambayo kwa miezi nilikuwa nimeiona kupitia dirisha tu, na nikaapa kimoyomoyo kwamba nitaishuka tena kwa miguu yangu.

Masika yote nilikuwa kwenye miti ile. Mvua ikinyesha Bakari alifunga turubai juu. Matope yalikuwa yananichosha kuliko ugonjwa. Mguu wa kushoto ulikuwa unaburuta na kuchora mstari chini. Kila mwezi nilipelekwa kwa Neema, na sasa alinigusa. Alininyoosha, akanifundisha kukaza tumbo kabla ya kuinuka, kuweka kisigino kwanza, kugeuka kwa hatua ndogo. Mara ya kwanza nilipofika kwake nikiwa kwenye kiti nilitaka kumwomba radhi kwa maneno yale ya siku ile. Alinikatiza: "Mama, waliowahi kunitukana kwa ajili hiyo ni wengi. Wewe angalau umerudi." Tukacheka wote.

Nilianguka mara nyingi. Nilianguka mbele ya wifi, nilianguka mbele ya wageni waliokuja kutoa pole, nilianguka na ndoo. Kila mara nilikuwa nangoja kidogo pale chini, nanusa udongo, kisha nashika mti na kuanza kujivuta. Niliwakataza kuninyanyua haraka. Nilitaka mwili ujue kwamba kazi ya kuinuka ni yake. Ilipofika baridi nilikuwa natembea na mkongojo mpaka barabarani, Rama akinitangulia na kupiga kelele ili kuku wapishe njia.

Vidonge vya mwisho nilivimeza vuli iliyofuata. Mama mkwe alitazama mdomoni kama kawaida, kisha akaniambia neno moja tu la Kishambaa, la shukrani kwa Mungu, na akaenda jikoni kuendelea na makande yake.

Sikudanganyi kwamba nimerudi kama zamani. Mguu wa kushoto unachelewa. Sibebi mzigo kichwani wala mgongoni tena. Shamba la juu analima Shuaibu na baba yake, mimi naotesha miche ya kabichi na hoho hapa nyumbani na kuuza. Ile mifupa iliyoinama imeungana hivyo hivyo, kwa hiyo nikivaa gauni la kubana inaonekana kama nimebeba kitu chini ya nguo. Mwanzo nilikuwa naificha kwa mtandio. Sasa siifichi.

Juzi juzi Neema alinialika pale hospitalini. Alikuwa amewakusanya wachuaji wa vijiji vya huku, wanawake kwa wanaume, pamoja na wanafunzi wa fizio waliokuja kujifunza. Akasema hataki kuwakataza kazi yao, anataka wajue ni wakati gani waondoe mikono na kumpeleka mtu kwa daktari. Kisha akaniita mbele nieleze. Nikawaeleza kama nilivyokueleza wewe. Nikawaambia: mtu akikuambia maumivu yanamwamsha usiku, muulize kuhusu jasho. Akikuambia jasho, tazama nguo zake kama zinampwaya. Muulize homa za jioni. Muulize bila aibu kuhusu haja zake, na kama miguu ina ganzi, au amepoteza kiatu asijue. Pitisha kidole mgongoni. Na kama amewahi kuugua saratani, au ameanguka kutoka juu, usimguse kabla hajaonwa na daktari; hilo Neema ndiye aliyeniambia niliongeze.

Mchuaji mmoja mwenye ndevu nyeupe akanyoosha mkono. "Sasa binti yangu, mtu amekuja kwangu ana imani na mimi. Nikimwambia nenda hospitali, si atasema mzee ameishiwa?"

"Atasema, baba," nilimjibu. "Mimi nilisema makubwa kuliko hayo. Wewe mwache aseme, ila hakikisha amefika."

Watu waliguna, wengine wakacheka. Yule mzee hakucheka. Alitikisa kichwa polepole, anafikiri.

Tulipotoka, mwanamke mmoja mchuaji alinifuata mpaka getini. Sikuwa namjua. Alisema anatoka ng'ambo ya bonde, na kwamba ndugu yake wa kiume, mpasua mbao, yuko nyumbani kwake. Amekuwa akimchua tangu masika.

"Anatoka jasho?" nilimuuliza.

"Nabadilisha shuka kila siku."

"Anatembea?"

"Anatembea. Ila tangu juzi anashika ukuta."

Nilimpungia Bakari aliyekuwa ananingoja na mkokoteni wa miche kule chini barabarani, nikamwonyesha kwa mkono kwamba aende bila mimi. Neema alikuwa bado ndani. Nilirudi nikamwambia aandae nafasi kwa daktari, kuna mgonjwa anakuja. Kisha nikashika mkongojo vizuri.

"Twende tukamchukue sasa hivi," nilimwambia yule mwanamke, "akiwa bado anashika ukuta."

Akasema ng'ambo kule kuna mteremko mkali, sitauweza. Nikamwambia atangulie.